Mwajuma anafaa kuigwa na jamii

Kama ulipita form five na six ukiwa na kombi yenye K, yaani Kiswahili, ndani yake, HKL, HGK, KLF, yoyote ile, basi hicho kichwa cha habari hapo juu unakijua kama unavyojua shikamoo. Mhusika mwema anafaa kuigwa na jamii, mhusika mbaya hafai kuigwa na jamii, unaweka nukta, unahamia kwa mwingine. Nimeiandika hiyo sentensi kwenye daftari, kwenye test, kwenye mock, mpaka kwenye pepa ya NECTA yenyewe, mtihani wa taifa, na kila nilipoiandika kuhusu Mwajuma roho ilikuwa inanisuta, maana yule mwanamke nilikuwa nampenda kweli, na mtu unayempenda huwezi kummaliza kwa maneno matano ya kwenye desa, zile noti za kukariri, alafu ukalala vizuri.

Mwajuma ni wa kwenye Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Mlioisoma mnajua, ambao bado ntawasimulia kidogo kidogo humu njiani ila mwisho wake siutoi, kila mtu akateseke mwenyewe.

Mi nilipangiwa shule Iringa mwaka 2017, natokea Singida, na Wasingida wenzangu mtanielewa nikisema baridi ya Iringa ya mwezi wa saba si ya kuhadithiwa. Kwetu ukiwa na shuka umemaliza. Kule nilifika na shuka mbili na blanketi moja jepesi, usiku wa kwanza nimelala na sweta na soksi na taulo nimejifunga kichwani, asubuhi yake maji ya kuoga, hayo tuyaache. HKL tulikuwa hamsini na kitu, na Vuta N'kuvute kwenye kabati la shule zilikuwa kumi na moja. Kumi na moja! Na kati ya hizo kuna ambazo hazina jalada, kuna moja inaanzia ukurasa wa tisa, na moja nyingine kuna dada wa miaka ya nyuma huko alipiga mstari wa biki nyekundu chini ya kila sentensi aliyoona ni muhimu, na inaonekana aliona kila kitu ni muhimu maana kitabu kizima kilikuwa chekundu. Utaratibu ukawa watu watano kitabu kimoja siku nne, mmemaliza hamjamaliza kinaenda kwa wengine. Wenye hela wakaenda mjini kupiga fotokopi. Sisi wengine tukabaki na siku zetu nne.

Chetu kilikuwa kimetengenezewa jalada la karatasi la mfuko wa saruji, limeshonwa na ule uzi wa magunia, na kwa nje mtu ameandika na makapeni VUTA NIKUVUTE. Nakumbuka harufu yake mpaka leo, kile kitabu kilikuwa kinanuka stoo.

Watu watano siku nne haiwezekani kila mtu asome peke yake, hesabu haikubali, kwa hiyo tukaamua tunasoma kwa sauti. Baada ya prepo, taa zikishazimwa, tunajaa wote watano kitanda cha deka cha chini cha kona, tunaunganisha mablanketi yote matano yanakuwa hema, tochi moja ya betri ndani, mmoja anasoma wanne tunasikiliza. Hiyo ndo iliyotuponya baridi kuliko kitu kingine chochote shule nzima. Msomaji wetu alikuwa dada mmoja wa Tanga, tulimwita Mtanga tu, yeye ndo alikuwa na ule mdomo wa pwani, na alikuwa anageuza sauti, akifika kwa Bwana Raza, yule mzee wa kwenye kitabu, anakohoa kwanza. Matroni akipita tunazima tochi tunakuwa maiti. Matroni naye nadhani alikuwa anajua, maana blanketi lenye vichwa vitano halifichiki, ila alikuwa anapita tu anasema "naona hapa kuna mtu mnene sana" anaenda zake.

Sasa ile siku ya kwanza, ukurasa wa kwanza kabisa, mwandishi anamleta Yasmin, anasema ana kijiuso kidogo cha mduara mfano wa tungule. Mi nikaganda. Tungule? Kwetu hakuna kitu kinaitwa tungule, kuna ndulele. Kama hujui ndulele ni yale matunda ya porini yenye miiba kwenye mti wake, ya mviringo, yakiiva yanakuwa ya njano, machungu balaa, watoto tunaokotaga tunachezea. Akili yangu ikasema tungule ndo hiyohiyo ndulele kwa Kizanzibari. Kwa hiyo kitabu chote, yaani kurasa mia mbili na kitu, mi naona binti mrembo ana sura ya njano kama ndulele, na nikawa najiambia hawa watu wa Unguja wanavyosifia ni tofauti na sisi lakini sawa, kila mtu na kwao. Sikuuliza. Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu wale wanne walinyamaza kama wanaelewa. Wiki kama tatu baadaye tuko jikoni zamu ya kupika tunamenya vitunguu, Mtanga ananiambia nipe hizo tungule hapo nyuma yako. Nageuka, naona sahani ya nyanya.

Nyanya!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alafu nikakasirika, maana ilibidi nimvue Yasmin sura yote nimvishe nyingine, na nikisema ukweli sikufanikiwa, mpaka leo Yasmin wangu ana kaunjano fulani hivi kwa mbali.

Haya, stori yenyewe. Unguja ya kikoloni, kabla ya uhuru. Yasmin ni binti wa Kihindi, umri kama miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara ambaye ni wa kumzaa kabisa, amepita hamsini. Hamtaki. Anavumilia vile mabinti wanavyoambiwa wavumilie, mwisho anashindwa anaondoka, na anachokipata ni kwamba kwao hawamtaki tena, amewaaibisha, mlango umefungwa. Na hapo ndo anavuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili, maskini, anaishi peke yake kwenye kachumba, na Mwajuma anamfungulia.

Kila kitu kingine kinatokea kwa sababu ya ule mlango. Kule Ng'ambo ndo anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi karudi na elimu yake na Mwingereza hataki hata kumwona, yuko kwenye harakati za kumng'oa mkoloni, wanasambaza makaratasi yaliyopigwa marufuku usiku, na nyuma yake yuko Inspekta Wright na Koplo Matata wanamnusa kila kona. Penzi linaanzia humo katikati ya kukimbizana. Kuna taarab, kuna mahakama, kuna jela, kuna bahari usiku. Yaani ni kitabu ambacho kisingekuwa cha shule watu wangekinunua barabarani.

Bweni zima lilimpenda Denge. Nawaambia ukweli, kuna watu waliandika DENGE nyuma ya madaftari kama ni mchezaji wa mpira. Mi Denge alikuwa ananichosha. Ni shujaa, sawa, bila watu kama yeye sijui tungekuwa wapi, ila ni yale mapenzi ya mtu ambaye mwili uko hapa kichwa kiko kwenye mkutano, na we mwanamke unabaki kuhesabu nyayo nje usiku, ni yeye au ni askari. Nilipowaambia hivyo wenzangu kwenye lile hema walinigeuka wote wanne, Mtanga akaniambia "we umeumbwa bila moyo", tukabishana mpaka matroni akaacha utani siku hiyo akapiga kelele kweli.

Ila kuna kitu kimoja ambacho namshukuru mwandishi. Kwenye History tulikuwa tunakaririshwa, 1890 Zanzibar inakuwa chini ya himaya ya Mwingereza, Desemba 10 1963 uhuru, Januari 12 1964 mapinduzi, tiki, tiki, tiki. Alafu usiku ndani ya blanketi naona hao watu wenyewe kabla hawajajua tarehe zao. Naona nani anaruhusiwa kukaa wapi, nani anapika nini, nani akipita mtaa gani watu wanageuka. Binti wa Kihindi kukaa chumba kimoja na Mwajuma Ng'ambo lilikuwa jambo zito kuliko tarehe zote nilizokariri, na kitabu cha History hakina hata mstari mmoja kuhusu hilo. Baadaye nikaja kusoma kwamba Shafi mwenyewe alizaliwa Unguja 1940, kwa hiyo hiyo dunia hakuhadithiwa, alikulia humo. Na alipouawa Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, Aprili 1972 yeye ni mmoja wa waliokamatwa wakawekwa ndani, na hayo ndo yaliyomzalia riwaya yake Haini, iliyotoka 2003. Vuta N'kuvute ilitoka 1999. Nikijua hivyo nikirudi kwenye zile kurasa za jela nasoma taratibu zaidi. Riwaya yake nyingine, Kuli, nayo niliisoma chuo, ya makuli wa bandarini, nzuri sana, ila haina Mwajuma.

Sasa kwa nini Mwajuma. Mwanzoni sikuwa hata namwona, na mimi nilikuwa nasubiri Yasmin na Denge wakutane kama wengine wote. Nilikuja kumwona Dodoma, saa tano usiku.

Ilikuwa likizo ya Desemba mwaka uleule. Kutoka Iringa kwenda Singida unapitia Dodoma, Iringa mpaka Dodoma ni kama kilomita 260, unapita bwawa la Mtera katikati, na ukitoka asubuhi mchana uko Dodoma, unaunganisha basi la Singida, jioni uko kwenu unakula. Basi letu likafa mbele kidogo ya Mtera. Sitaji ni basi gani, halikuwa na adabu tu. Tukakaa pale juani, wakina mama wa samaki wakatufuata na mabeseni yao mpaka pale, watu wakala perege wa kukaanga, spana zikatolewa, fundi akaitwa, fundi akaja bila kifaa, fundi akarudi kufuata kifaa. Kufupisha, tumeingia Dodoma saa tano usiku. Mi nina miaka 18, tranka, mfuko wa rambo wenye viatu, elfu saba na mia tano, na simu sina maana shule hawaruhusu. Na kwenye mkoba nina Vuta N'kuvute ya fotokopi ambayo mwishoni nilijichangisha nikaipata, kurasa za katikati zimefifia wino.

Abiria wakatawanyika, kila mtu na boda yake. Kuna yule mwanaume ambaye kila stendi Tanzania hii lazima awepo, akaja, mdogo wangu unaenda wapi nikusaidie, nikamwambia namsubiri kaka. Akakaa pembeni kidogo kumsubiri huyo kaka na yeye. Hapo kwenye kona kulikuwa na mama anauza chai na chapati, jiko la mkaa, meza moja, benchi moja. Nikasogea nikakaa kwenye lile benchi nikaagiza chapati mbili ili niwe na sababu ya kukaa. Yule mama alikuwa anakunja vitu vyake. Akaniangalia, akamwangalia yule mwanaume, akarudisha macho kwangu. Akasema, "Beba hilo ndoo la vyombo, mi ntabeba jiko. Tranka atabeba huyu kijana wa boda." Basi. Hakuniuliza naitwa nani, hakuniuliza wazazi wangu wako wapi, kwa nini mtoto wa kike unatembea usiku, hakuna. Nikabeba ndoo.

Alikuwa anakaa Chang'ombe, chumba kimoja, kitanda kimoja cha futi tatu na nusu, watoto wawili wamelala kwenye mkeka chini. Akanipa kanga na ndoo ya maji, akanionyesha bafu la nje, niliporudi alikuwa ameshahamia chini na watoto. Nikasema mama mi ntalala chini, akasema "we umetoka mbali, lala huko." Alafu ndo akaniomba namba ya mama, akampigia na simu yake kitochi, salio lenyewe akakopa, akamwambia mwanao yuko kwangu, kesho nampandisha basi la kwanza. Mama anasema alilia, mi nilikuwa nimeshalala.

Asubuhi saa kumi na moja tumerudi na jiko letu na ndoo letu stendi. Nikatoa hela nimpe kitu, akachukua bei ya zile chapati mbili za jana tu, akasema chapati ni biashara. Nyingine akanirudishia mkononi akaufunga mkono wangu.

Kwenye basi nikatoa ile fotokopi, sijui kwa nini nilianza pale Yasmin anapogonga, nadhani ilikuwa kutafuta tu. Nikasoma mstari kwa mstari nikaona nilikuwa nasoma vibaya muda wote. Nilikuwa nasoma kama vile kugonga ndo tukio. Kufungua nilikuwa nakuruka! Na mtu anayefungua ana kachumba kamoja na njaa yake mwenyewe na majirani wake watakaosema, na hana muda wa kuhesabu hivyo vyote, Yasmin yuko mlangoni, basi. Alafu kitu kingine ambacho madesa hayakupi ni kwamba Mwajuma hajawekwa kwenye fremu, anapenda raha zake, anapenda taarab yake, mdomo anao, siyo yule mama mtakatifu wa kwenye kalenda. Yule mama wa Dodoma naye alimtukana dereva boda tusi ambalo sitaliandika.

Mama alisevu ile namba "Mama Chapati Dodoma", na mpaka leo sikukuu wanatumiana salamu, hawajawahi kuonana.

Muhula ulipofunguliwa tukafika kwenye uchambuzi. Mwalimu wetu sina ubaya naye, silabasi ilikuwa ndefu na riwaya zenyewe ni nne, kuna Kufikirika, kuna Usiku Utakapokwisha, kuna Mfadhili, bado tamthiliya bado mashairi, angefanyaje. Akaandika ubaoni, fani, maudhui, dhamira, migogoro, falsafa, msimamo, wahusika. Kwa wahusika, Yasmin nusu ukurasa. Denge nusu ukurasa na zaidi. Raza, Wright, wote wakapata maelezo yao. Alafu, nakumbuka neno kwa neno kwa sababu daftari ninalo: "Mwajuma. Ni rafiki wa Yasmin. Ni mkarimu. Ana upendo wa dhati. Anafaa kuigwa na jamii."

Nilinyoosha mkono nikauliza, mwalimu, jamii itamwigaje? Darasa likacheka. Sikuwa natania. Nilikuwa nataka kujua, maana mi najua ilivyo kulala kwenye kitanda cha mtu aliyehamia chini, na sikuwa na uhakika kama ningekutana na mtoto na tranka usiku ningefanya vile, nadhani ningempigia mtu simu nimwulize. Mwalimu akasema swali zuri, tutalirudia. Hatukulirudia.

Mei 2019 pepa ikaja, swali la riwaya likawepo, maneno yake nimeyasahau. Nakumbuka tu nilivyofika kwa Mwajuma. Nilishika kalamu nikawaza kuandika ninachojua, nikaangalia saa ya ukutani, nikakumbuka msahihishaji ana rundo la pepa na ana mwongozo wake, nikaandika ni mkarimu, ana upendo wa dhati, anafaa kuigwa na jamii. Nikapata B. Sijutii sana, B ilinipeleka chuo. Ila niliona kama nimemsengenya.

Filamu ilipotengenezwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa tamasha la Toronto 2021, na mwaka uliofuata nchi ikaipeleka kwenye mchujo wa Oscar, lile kundi letu la hema lilifufuka WhatsApp. Kila mtu na kilio chake. Mi nilipokuja kuiona niliona ni nzuri, picha zake za usiku ni za kukufanya usimamishe uangalie tena, na Mwajuma kachezwa na Siti Amina ambaye ni mwimbaji kweli, kwa hiyo akifungua mdomo unaamini. Ila kuna kitu filamu inakunyang'anya. Pale kwenye deka tulikuwa na akina Yasmin watano, mmoja wa njano. Sasa yuko mmoja tu, na wenzangu wawili wanasema sasa hivi wakifungua kitabu wanamwona yule wa kwenye filamu, wa kwao kaondoka. Wangu mbishi bado yupo.

Unguja nilienda 2023, mara yangu ya kwanza kupanda boti, nikatapika vizuri tu. Nilikuwa na siku mbili. Watu waliniambia nenda Mji Mkongwe, nikaenda, ile milango ya kuchongwa na misumari ya shaba nimeiona, kila mlango una mtalii anaupiga picha. Ila mi nilikuwa na safari yangu. Pale Darajani zamani kulikuwa na mkono wa bahari unaoutenganisha mji wa mawe na upande wa pili, ndo jina la Ng'ambo lilikotoka, sasa hivi pamefukiwa, ni barabara, wanaiita Benjamin Mkapa ila wazee bado wanasema Creek Road. Nikasimama pale kama mshamba. Nilikuwa nimeijengea ile safari ya Yasmin kichwani kama kilomita nyingi, kama Iringa na Dodoma huko. Ni kuvuka barabara! Nilihesabu hatua zangu, hazikufika hamsini. Nikakaa kwenye ukingo nikanywa maji ya madafu nikawaza, kumbe umbali wenyewe ulikuwa mdogo hivi alafu haukuvukika.

Nikaingia ndani huko Ng'ambo, nikapita yale maghorofa marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya mapinduzi, nikaingia vichochoro vya nyuma, nyumba za chini, bati, mlango wa mbao umepakwa rangi ya bluu umebanduka. Natafuta mlango wa mtu ambaye hajawahi kuwepo. Bibi mmoja barazani akaniuliza, "Wamtafuta nani mwanangu?" Nikajikuta nasema Mwajuma. Akasema, "Mwajuma yupi, wa shoka au wa mandazi?" Nikasema wa mandazi maana ndo lililokuja mdomoni, akanielekeza, nikaona aibu, nikaenda nikanunua mandazi ya elfu moja kwa Mwajuma wa mandazi. Mandazi yake yana hiliki nyingi. Wa shoka sikumwulizia na mpaka leo najilaumu, nataka kujua hilo shoka ni la nini.

Sasa kuna kitu nilikiruka, nirudi nyuma kidogo. 2021 nikiwa chuo, nasoma ualimu, tukaenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa shule moja yenye form five, wakanipa Kiswahili, na kama kawaida mwalimu husika alikuwa amefurahi kupumzika akaniachia riwaya yote. Kitabu kilichokuwepo, mnakijua. Nakala tisa. Maendeleo hayo.

Kipindi cha tatu nikaandika ubaoni WAHUSIKA, nikapiga mstari. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, mimi siyo kama walimu wengine, mimi ntafundisha Mwajuma kwa namna yake, nina stori yangu ya Dodoma nimeipanga. Nikaandika MWAJUMA. Kabla sijageuka darasa zima likajibu kwa pamoja, kama wimbo wa taifa, "Ni mkarimu, ana upendo wa dhati, anafaa kuigwa na jamii!" Wameshapiga madesa tayari, yaleyale, nadhani ni fotokopi ya fotokopi ya daftari langu. Wengine wakashika kalamu wanasubiri mhusika anayefuata. Nikasimama pale na chaki yangu. Stori ya Dodoma ikaniishia mdomoni, nikaona nikiianza watajua naomba sifa.

Kuna binti alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na dirisha, mwembamba, sweta kubwa kuliko yeye, siku zote tatu hakuwa amesema kitu. Akanyoosha mkono nusu. Nikamwambia sema. Akasema kwa sauti ya chini ambayo ilibidi nisogee, "Madam, samahani, tungule ni nini?"

Watu wakaanza kucheka, ila niliwaangalia vizuri, waliocheka walikuwa wachache, wengine walikuwa wananiangalia mimi.

Nikamwuliza, we unadhani ni nini? Akasita. Akasema, "Kwetu kuna ndulele."

Nikaweka chaki mezani nikawaambia wasitoke, nikavuka uwanja mpaka pale getini kwa mama wa genge, nikanunua nyanya moja ya mia mbili, akaniuliza moja tu mwalimu, nikasema moja tu ila nichagulie ya mviringo.